Barua ya wazi kwa mkuu wa shule na bodi: maoni yetu huwa yanakwenda wapi?

Kwa Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, pamoja na Ofisa Elimu anayesimamia sekondari yetu ya umma,

Shikamooni kwa wanaostahili, na wengine wote salamu.

Kila mwaka shule yetu hutuomba maoni, na kila mwaka tunayatoa. Siandiki leo ili kuongeza mengine juu ya rundo hilo. Nauliza rundo lenyewe liko wapi: nani alilisoma, alikuta nini ndani yake, na ni uamuzi gani mmoja, hata mdogo, uliobadilika kwa sababu mzazi au mwanafunzi alisema. Nauliza kwa heshima, ila nauliza hadharani, maana faraghani nimeshauliza na jibu lilikuwa "yanafanyiwa kazi".

Tuanze na fomu. Ni ukurasa mmoja. Juu kuna nafasi ya jina la mzazi, jina la mwanafunzi, darasa na namba ya simu. Yanafuata maswali, na la kwanza ni hili: "Je, umeridhika na maendeleo ya shule?" Vijisanduku vitatu: sana, kiasi, sijaridhika. Mtoto huileta nyumbani katikati ya daftari, kisha huirudisha bila bahasha kwa mwalimu wa darasa, naye huipitia kuhakikisha imejazwa yote. Sasa niambieni, mzazi gani ataandika humo kwamba mwalimu wa fizikia anaonekana darasani mara moja kwa wiki, huku akijua karatasi hiyo yenye jina la mwanawe itapita mikononi mwa mwenzake mwalimu huyo kabla haijafika ofisini? Tunaandika "Tunaushukuru uongozi kwa juhudi zake." Nadhani hakuna sentensi iliyoandikwa mara nyingi zaidi katika shule yetu, labda ile ya "sitarudia tena". Ofisi ikijumlisha inakuta wazazi wameridhika, na bodi inasomewa hivyo.

Upande wa wanafunzi kuna sanduku la maoni. Limepigiliwa ukutani kati ya mlango wa makamu mkuu na mlango wa chumba cha walimu, lina kufuli, na anayelisogelea anaonekana na kila aliye kibarazani. Hilo peke yake lingevumilika. Kilicholiua sanduku ni asubuhi ile ambapo karatasi moja, iliyolalamikia maneno ambayo mwalimu fulani huwaambia wasichana, ilisomwa mstarini mbele ya shule nzima, kisha likafuata swali: "Nani kaandika hii?" Alipokosekana wa kujitokeza, madaftari ya darasa zima yalikusanywa ili mwandiko ulinganishwe. Mwandishi hakupatikana. Mwalimu aliyetajwa, kwa kadiri tulivyosikia kutoka kwa watoto wetu, hakuulizwa lolote. Tangu hapo sanduku ni tupu, na katika kikao cha wazazi kilichofuata tulitangaziwa, tena kwa fahari, kwamba malalamiko ya wanafunzi yamepungua sana.

Wazazi nasi tuna sanduku letu, ingawa si la mbao. Ni kipengele cha mwisho cha ajenda: "mengineyo". Kwanza ni dua, utambulisho wa meza kuu, taarifa ya mkuu wa shule, taarifa ya taaluma, taarifa ya fedha, taarifa ya nidhamu, neno la mgeni. Tukifika kwenye mengineyo, mwenyekiti ana jicho moja kwenye saa na nusu ya ukumbi imeshasimama. Mzee mmoja hunyanyua mkono, hupewa dakika mbili, hujibiwa kwamba hoja yake ni nzuri na imechukuliwa. Kikao kinafungwa.

Kwa hiyo maoni halisi ya shule hii yanaishi kwingine. Ya wazazi yanaishi langoni, baada ya kikao. Ya wanafunzi yanaishi njiani wakirudi nyumbani, na ukiwa mtu wa kukaa kimya jikoni mwako bila kuuliza maswali mengi, utayasikia. Nimekuwa nikiyasikiliza yote mawili, na kilichonishangaza ni jinsi yasivyofanana.

Wazazi tunazungumzia matokeo ya mtihani wa taifa, nidhamu, simu, mavazi, na nani alionekana wapi na nani. Hayo ndiyo tunayoyaona tukiwa nje ya uzio. Wanafunzi huzungumzia vipindi ambavyo mwalimu hakuja na hakuna aliyeuliza, maabara inayofunguliwa wakija wakaguzi, kejeli anayopigwa anayekosea ubaoni. Halafu vyoo. Wakubwa wangu, naomba mnivumilie hapa, maana vyoo havimo kwenye fomu na havimo kwenye taarifa ya mkuu wa shule. Katika safu ya vyoo vya wasichana milango mingi haina komeo. Anayeingia lazima aende na rafiki wa kuushika mlango kwa nje, na asiye na rafiki karibu huuzuia kwa mguu, mwili umenyooka upande mmoja na sketi imekusanywa mkono mmoja. Wapo wanaoamua kutokunywa maji tangu asubuhi ili wasihitaji kwenda kabisa. Wanashinda na kichwa kinachouma, na vipindi vya mchana vinawapita. Mzazi akiona alama zimeshuka anadai mtoto hasomi. Mwalimu akiona mtoto kalaza kichwa mezani anaandika kwenye ripoti kwamba hana bidii. Komeo moja linafungwa kwa skrubu nne.

Simlaumu mkuu wa shule kwa kutojua hali ya komeo za vyoo vya wasichana. Sidhani kama ni mahali anapopita. Ila hizo ndizo habari ambazo hawezi kuzipata kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kuulizia, na fomu yake haiulizi. Inauliza kama tumeridhika.

Lipo jambo jingine ambalo nalileta kwa tahadhari kwa sababu linawagusa wazazi wenzangu. Tuna mwalimu tunayemsifu sana. Akiingia darasani, sindano ikianguka utaisikia. Tunasema, huyo ndiye mwalimu. Watoto hawabishi kwamba darasa lake lina utulivu. Wanachosema ni kwamba humo hakuna anayeuliza swali, maana swali lina gharama. Na tunaye mwingine, kijana, ambaye wazazi kadhaa walishalalamika kwamba darasa lake lina kelele. Wanafunzi wanasema kipindi chake ndicho wanachotoka wameelewa, kwa kuwa wanaruhusiwa kukosea na kusahihishana wenyewe kwa wenyewe. Nani tumwamini? Ronald Ferguson wa Chuo Kikuu cha Harvard ametumia miaka mingi kuwauliza wanafunzi wa Marekani kuhusu madarasa yao. Hakuwauliza kama wanampenda mwalimu. Aliuliza vitu wanavyoviona: je, tunatumia muda vizuri, je, tunajifunza kurekebisha makosa yetu, je, karibu kila siku tunatoka na kitu kipya. Maswali yake yalitumika katika utafiti mkubwa wa ufundishaji bora uliogharamiwa na Wakfu wa Gates na kukamilika mapema miaka ya 2010, na ikaonekana kwamba majibu ya wanafunzi wa darasa moja yana uhusiano na kiasi ambacho wanafunzi wa darasa jingine la mwalimu yuleyule wanapiga hatua. Watoto wanaona. Wanakaa mbele ya mwalimu mwaka mzima, ilhali mkaguzi hukaa kipindi kimoja.

Kwa hiyo pale wazazi na wanafunzi wanapotofautiana, msichukue wastani mkaendelea na safari. Hapo ndipo pa kusimama. Kama wazazi wanasema nidhamu ni nzuri sana na wanafunzi wanasema wanaogopa, makundi yote mawili huenda yanaeleza kitu kilekile kutoka pande mbili za mlango.

Najua hofu iliyopo. Nimesikia ikisemwa kwamba ukimpa mwanafunzi nafasi ya kusema, atadai kulala zaidi na kusoma kidogo. Basi tuchukue hilohilo la kulala. Kwa miaka mingi vijana wa sekondari wamekuwa wakisema kwamba hawawezi kuamka alfajiri na akili ikawa imeamka nao, na sisi tumekuwa tukiita hilo uvivu. Madaktari walipolichunguza walikuta kwamba wakati wa kubalehe mwili huanza kutoa melatonini, homoni ya usingizi, ikiwa imechelewa zaidi usiku, hivyo kijana anayelazwa mapema hubaki akitazama dari, na asubuhi anaamshwa usingizi ukiwa bado haujakamilika. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri masomo ya vijana yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mji wa Seattle ulisogeza kengele ya sekondari zake mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45, na watafiti waliowavisha wanafunzi vipima usingizi mkononi wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kila usiku wa shule. Yaani hawakutumia ile saa ya ziada kukesha zaidi, kama watu wazima walivyotabiri. California ikatunga sheria mwaka 2019, nayo ikaanza kutumika mwaka 2022. Sisemi tuige saa zao. Usafiri wetu na mpangilio wa kazi za wazazi vina yake. Nasema kwamba lalamiko la mtoto lililochekwa kwa miaka lilikuwa taarifa sahihi kuhusu mwili wake.

Na kuna upande wa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 una kifungu cha 7 chenye mwelekeo huohuo. Mwaka 2009 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule wa kwanza ilifafanua kwamba kumsikiliza mtoto kuna masharti: awe huru kusema au kutosema, awe salama kutokana na madhara ya alichosema, na apewe mrejesho wa jinsi maoni yake yalivyotumika. Soma masharti hayo, kisha kumbuka yale madaftari yaliyokusanywa kulinganisha mwandiko.

Kwingine wamekwenda mbali zaidi ya fomu na sanduku. Sheria ya shule ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inataka wazazi wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote wenye kura katika bodi ya shule ya umma, na wanafunzi wa kuanzia darasa la nane wawe na wawakilishi wao humo. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, iliweka wazazi sita waliochaguliwa katika bodi ya usimamizi, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Chicago ilikwenda mbali kuliko wote: sheria ya mwaka 1988 iliunda mabaraza ya shule yenye wazazi wengi, na baraza ndilo linalomchagua mkuu wa shule na kumpa mkataba wa miaka minne. Ukiisha, baraza hilohilo linaamua kama aongezewe.

Sina haraka ya kudai la Chicago. Tena niseme wazi kwamba kiti peke yake hakinivutii. Bodi inaweza kuwa na mwanafunzi ndani yake na isimsikie hata mara moja: amevaa sare yake safi, amekaa pembeni, anaombwa afungue kikao kwa dua na kugawa karatasi za mahudhurio. Mtafiti Roger Hart alipochora ngazi ya ushiriki wa watoto kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992, aliweka vidato 8, na vitatu vya chini kabisa hakuvihesabu kuwa ushiriki. Humo aliwaweka watoto wanaotumiwa, watoto wa kupamba shughuli, na watoto wa kutimiza idadi. Shule nyingi, yetu ikiwemo, zinapita hapo chini na kuripoti kwamba wanafunzi wameshirikishwa.

Walimu nao nawasikia. Mwalimu mmoja aliniambia, kwa uchungu, kwamba akifuata maoni ya wanafunzi itabidi awe mchekeshaji. Ana hoja. Anayetoa adhabu stahiki anaweza kulipizwa kwenye karatasi isiyo na jina, na mzazi ambaye mwanawe kafeli anaweza kumwagia mwalimu hasira zake zote. Ndiyo maana naomba majibu ya wanafunzi yasitumike kumpandisha mwalimu cheo wala kumshusha. Siku mtakapoyafungamanisha na cheo cha mtu, mwalimu ataanza kununua alama za upendo kwa alama za mtihani, nasi tutakuwa tumeharibu vyote viwili. Mpeni mwalimu muhtasari wa darasa lake aupitie na mwenzake anayemwamini. Tuhuma za kumdhalilisha mtoto ziwe na njia yake tofauti kabisa, ya siri, na zisisubiri fomu ya mwaka.

Tena, mnaowauliza ni waliopo. Hamjawahi kumuuliza aliyeondoka. Katika kila darasa yapo majina yaliyokuwa kwenye daftari la mahudhurio mwanzoni mwa mwaka na sasa yamepigwa mstari. Baadhi wamehama, wengine wameacha. Hao ndio wanaojua shule hii inamshindia mtu wapi, na ndio pekee ambao hawana tena sababu ya kumwogopa mtu yeyote humo ndani. Hali kadhalika wazazi. Wanaokuja kikaoni ni walewale: wenye kazi inayowaruhusu kutoka mchana, wenye ujasiri wa kusimama mbele za watu, ambao watoto wao wanafanya vizuri. Mama anayelinda usiku na kulala mchana hayupo. Baba asiyejua kusoma alijaziwa fomu na mwanawe mwenyewe, na mwana huyo akaandika kwamba mzazi ameridhika sana. Wastani wa watu hawa unaopelekwa ofisi ya elimu si picha ya shule.

Ninachoomba hakihitaji bajeti mpya. Ondoeni majina kwenye fomu na wekeni bahasha. Zikusanywe na mzazi mmoja na mwanafunzi mmoja waliochaguliwa na wenzao, zihesabiwe mbele yao, na mwalimu wa darasa asiwe sehemu ya safari hiyo. Badilisheni maswali. Badala ya kutuuliza kama tumeridhika, tuulizeni tunachokiona: ni vipindi vingapi wiki iliyopita ambavyo mwalimu hakufika, ukikosea darasani huwa inakuwaje, yuko mtu mzima hapa shuleni ambaye ungemwendea ukiwa na shida nzito, vyoo vinafungika, kazi zako zikisahihishwa, unarudishiwa lini. Wazazi waulizwe ya kwao: ulipopiga simu shuleni ulijibiwa, ripoti ya mtoto uliielewa, uliambiwa kwa wakati alipoanza kuteleza. Msituulize ubora wa ufundishaji, maana hatumo darasani, na tukijibu tunakisia. Maoni ya wazazi na wanafunzi yawe kipengele cha pili cha ajenda, mara baada ya dua. Mgeni rasmi atasubiri.

La muhimu kuliko yote ni mrejesho. Karatasi moja kwenye ubao wa matangazo, na nakala kwa kila nyumba: haya ndiyo mliyosema, haya tumeyafanya, haya tutayafanya na tarehe yake, haya hatuwezi na sababu ni hizi. Hata mkituambia kwamba mwalimu wa fizikia hayupo kwa kuwa nafasi yake haijajazwa na mamlaka iliyo juu yenu, tutawaelewa, na huenda tukapanda pamoja nanyi kwenda kuidai. Kinachotuudhi ni kutojibiwa.

Na kuhusu sanduku, naomba mkuu wa shule asimame mstarini, palepale ile karatasi iliposomwa, aseme kwamba hakuna mwandiko utakaolinganishwa tena. Kisha sanduku lihamishwe. Maktaba panafaa, nyuma ya rafu, mahali ambapo hakuna dirisha la ofisi linalotazama.

Kikao cha wazazi kijacho hakiko mbali. Naomba kabla ya siku hiyo tupate kwa maandishi majibu ya mambo matatu: fomu za mwaka jana zilijumlishwa na nani na zilionyesha nini, aliyelalamikiwa kwenye ile karatasi alihojiwa au la, na komeo za vyoo vya wasichana zitafungwa lini. Hilo la tatu, kama tatizo ni fundi, wazazi wawili wameshajitolea kuja na vifaa vyao Jumamosi yoyote mtakayotupangia. Tunachohitaji kutoka kwenu ni ufunguo wa lango.

Wenu katika malezi ya watoto hawa,

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu